Kaka anakuja na paneli za kukunja: je, zitaiendesha Leaf ya Kinyerezi?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni muuguzi, nakaa Kinyerezi na nafanya kazi Upanga, mara nyingi zamu za usiku. Nimenunua Nissan Leaf ya mwaka 2013 iliyotoka Japani, ile ya betri ya uniti 24. Vile vijistari vya afya ya betri kwenye dashibodi vimebaki 9 kati ya 12. Mtaani kwetu umeme unakatika mara kwa mara. Kaka yangu yuko Guangzhou, anarudi mwezi ujao, na ameahidi kuniletea paneli 4 za kukunja za wati 200 kila moja pamoja na pawa stesheni ya uniti 2. Anasema nitakuwa nazitandaza juani na kuchaji gari bure, hata nikienda kwa mama Bagamoyo. Je, nitafanikiwa? Halafu ile paneli ndogo iliyo juu ya kioo cha nyuma cha gari, mbona sioni ikichaji chochote?"

Jibu: Dada, kabla hatujagusa hesabu yoyote, mpigie kaka yako simu leo hii. Hiyo pawa stesheni, yaani boksi la betri la kubeba, hatapanda nayo ndege. Kwa abiria, betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi, si kwenye begi la mkononi wala la chini. Uniti 2 ni wati-saa 2,000. Akifika nayo uwanjani ataiacha pale pale, na pesa yake imekwenda. Kama ni lazima ije, ije kwa meli. Paneli zenyewe hazina betri, hizo hazina shida.

Sasa swali lako. Paneli hizo nne na boksi lake, siku ya jua zuri la Dar, zitaliongezea gari lako kilomita 11 au 12. Wewe kwenda Upanga na kurudi ni kilomita 36 hivi. Utasema, basi si haba, theluthi ya safari nimepata bure. Mimi nakwambia hata hiyo theluthi utaipata kwa jasho, na wiki ya tatu paneli zitakuwa uvunguni. Lakini usikate tamaa, kwa sababu wewe una kitu ambacho wateja wangu wengi hawana, nitakifikia huko mbele.

Ile paneli ndogo ya nyuma nimalizane nayo kwanza. Baadhi ya Leaf zilikuja nayo, na kila mwenye nayo huniuliza hivyo hivyo. Haihusiani kabisa na betri kubwa inayoendesha gari. Kazi yake ni kuipa nguvu kidogo betri ndogo ya volti 12, ile inayowasha redio, taa na kompyuta za gari. Hivyo inafanya kazi, ila si ile uliyoitarajia.

Na usidhani Nissan walikuwa wavivu. Toyota waliiuza Japani Prius ya kuchomeka ya mwaka 2017 yenye paneli ya wati 180 iliyojaza paa zima, na wenyewe walitangaza kwamba siku nzuri kabisa ingeongeza kilomita 6.1. Waholanzi wa Lightyear walikwenda mbali zaidi: gari lao lilivikwa paneli za mita za mraba 5, likachongwa kama samaki ili lisisumbuliwe na upepo, wakasema jua peke yake lingeliendesha hadi kilomita 70 kwa siku. Bei yake ilikuwa euro 250,000, na Januari 2023 kampuni iliyokuwa ikiliunda ikafilisika. Naleta habari hizi kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananitumia video ya gari lililobandikwa paneli na maneno ya kwaheri petroli. Eneo la gari ni dogo, hamu ya gari ni kubwa. Ndiyo hesabu yenyewe.

Turudi kwenye paneli za kaka. Mwezi wa kwanza mwaka mmoja mteja aliniachia paneli mbili za kukunja za aina hiyo hiyo, wati 200 kila moja, nikazitandaza uani kwangu Tabata kuona ukweli wake. Saa sita na nusu mchana, mbingu haina hata kipande cha wingu, mita ilisoma wati 290 badala ya 400. Nikazigusa, zilikuwa zinaunguza. Kipimajoto kilisema nyuzi 63. Wingu moja dogo likapita, zikashuka hadi 60. Lilipoondoka zikapanda tena. Saa kumi alasiri, nikiwa nimesahau kuzigeuza, zilikuwa kwenye 110.

Hizo paneli hazikuwa feki. Ile namba ya wati 200 kwenye lebo imepimwa maabara, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25, jua likiipiga moja kwa moja usoni. Dar paneli inayolala chini, isiyopitisha hewa mgongoni, inafika nyuzi 60 na zaidi, na kwa kila nyuzi inayoongezeka juu ya 25 inapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake. Ongeza vumbi, na la Kinyerezi unalijua. Ongeza kwamba hakuna anayekaa kuigeuza kila saa. Ukipata robo tatu ya lebo umshukuru Mungu.

Jua la Dar, ukilikusanya lote la kutwa, asubuhi hafifu na jioni hafifu pamoja na mchana mkali, ni sawa na saa 5 hivi za jua kamili kwa siku; masika linapungua. Basi paneli zako 4 ni wati 800 za lebo, ambazo ni kama wati 580 za kweli. Mara saa 5 unapata uniti 2.9. Ukipitisha umeme huo kwenye pawa stesheni, kuingia na kutoka, inabaki 2.5. Ukiupitisha kwenye chaja ya ndani ya gari, ambayo ikilishwa taratibu hupoteza zaidi ya ikilishwa kwa kasi, kinachofika kwenye betri ni uniti 2 na kidogo. Leaf kwa foleni zetu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, inakwenda kilomita 5 na nusu kwa uniti. Ndiyo hizo kilomita 11 nilizokutajia. Tena boksi linashika uniti 2 tu, kwa hiyo kuzipata zote itabidi ulimwage garini mara mbili kwa siku. Ukilijaza na kulimwaga mara moja, ni kilomita 8.

Hapo nimezungumza kana kwamba gari litakubali. Huenda lisikubali, na hili ndilo watu wengi wanaligundua baada ya kununua.

Gari la umeme halinyonyi umeme kama simu, kidogo kidogo chochote kilichopo. Kebo ya kuchajia inaongea na gari kabla umeme haujapita, inaliambia "hapa kuna ampia kadhaa, usizidishe". Kiwango cha chini kabisa wanachoweza kuambiana, kwa taratibu zinazofuatwa na magari ya Japani, China na Ulaya, ni ampia 6. Ampia 6 kwa volti 230 ni wati 1,380. Chini ya hapo gari linakaa kimya. Paneli zako zikitoa wati 580 za mchana haziwezi kulilisha gari moja kwa moja hata ungekuwa na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa soketi, nzuri namna gani. Lazima kwanza zijaze boksi, halafu boksi ndilo limwage kwa wati 1,380. Kwa uniti 2 ni saa moja na robo hivi, kisha linazima, unasubiri lijae tena.

Na hiyo ni kama una kebo inayoweza kuliambia gari ampia 6. Ile ya asili iliyokuja na gari kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 200 na ampia 15, wati 3,000, wala plagi yake haiingii kwenye soketi zetu, ndiyo maana mafundi wa mtaani huikata na kufunga plagi ya pini tatu. Ichomeke kwenye pawa stesheni ya wati 2,000: utasikia "ta!" halafu kimya. Imejikinga.

Kuna mteja mwingine, yeye alikuwa na kebo ya kurekebisha, akaweka 6, boksi lake lina nguvu ya kutosha, na bado taa nyekundu. Alikuja kwangu amekasirika, anasema gari bovu. Gari halikuwa bovu. Kebo ya gari hukagua waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, kabla ya kufungua umeme, na boksi nyingi za kubeba hazina uhusiano wowote kati ya nutro, waya wa kurudishia umeme, na ethi, zinaelea tu. Kebo ikitafuta ethi isiione, inagoma. Dawa yake ipo, fundi anaunganisha nutro na ethi upande wa boksi kwa utaratibu maalumu, lakini si kazi ya kujifunza kwenye simu ukiwa umepiga magoti pembeni ya gari. Na usimruhusu mtu yeyote akushauri kuunganisha paneli moja kwa moja na betri kubwa ya Leaf kwa kupita njia ya pembeni. Betri hiyo ina volti zaidi ya 350. Nyaya zake zimevikwa rangi ya chungwa makusudi, ili fundi azione na aondoe mkono.

Sasa kuna ugomvi ambao hauandikwi kwenye maboksi ya hivi vitu. Paneli inataka jua. Betri ya Leaf inataka kivuli; haina mfumo wa kuipoza, na joto pamoja na umri ndivyo vimekula vile vijistari vyako vitatu. Pawa stesheni nayo inataka kivuli, ikichemka inajizima. Kwa hiyo gari utaliweka chini ya mwarobaini, boksi chini ya gari, paneli utazitandaza kule jua liliko, na kila saa mbili kivuli cha mwarobaini kitakuwa kimehama. Kivuli cha tawi moja kikigusa kona ya paneli hakipunguzi kona hiyo tu. Vipande vya ndani vimefungwa kwa mfululizo kama taa za harusi, kimoja kikilegea kinaburuza wenzake. Na wewe muda huo umelala, umetoka zamu. Nani anageuza? Nani anaangalia watoto wa mtaani wasizikanyage, au mtu asizikunje na kuondoka nazo?

Kwa thamani gani? Ukinunua LUKU ya elfu kumi kwenye kundi la kawaida unapata uniti 28 hivi, yaani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi. Uniti 2.5 ambazo boksi lako lingetoa kwa siku ni shilingi 890. Hupati kijana wa kukunja na kukunjua paneli kwa shilingi 890.

Tena ukitazama umeme wa TANESCO wenyewe bila jua lolote, tayari umeshinda. Safari zako za kazi, siku 22 kwa mwezi, ni kilomita 792. Kwa Leaf ni uniti 170 hivi kutoka kwenye soketi, karibu shilingi 60,000. Jirani yako mwenye IST inayokwenda kilomita 12 kwa lita, tuseme lita ni 2,900, anamwaga zaidi ya 190,000 kwa njia ile ile. Kwa hiyo jua kwako si suala la kuokoa pesa ya petroli, hiyo umeshaiokoa siku uliponunua gari. Suala lako ni kukatika kwa umeme. Unakaa karibu na mitambo ya gesi ya Kinyerezi, na bwawa la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, lakini transfoma ya mtaa ikiungua au mti ukiangukia waya, megawati zote hizo zinakupita tu.

Nilisema una kitu ambacho wengine hawana. Mteja wangu wa kawaida anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, gari linashinda Posta kwenye kivuli cha ghorofa, anarudi saa mbili usiku. Jua lote la siku limemkosa. Huyo nikimfungia sola ya gari inabidi nimuuzie na betri kubwa ya kuhifadhi umeme wa mchana aumwage garini usiku, na hiyo betri ndiyo inayokula bajeti. Wewe unatoka zamu asubuhi, saa tatu gari liko nyumbani, wewe unaingia kulala, jua linapanda. Zamu za usiku zinachosha, najua, lakini kwa sola ya gari ni bahati.

Angalia hesabu inavyokaa. Ampia 6, kile kiwango cha chini kabisa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri ni saa 6. Wati 1,380 mara saa 6 ni uniti 8.3 kutoka kwenye soketi. Baada ya chaja ya gari kuchukua chake, betri inapata 6.8. Mara kilomita 5 na nusu, unapata 37. Safari yako ni 36. Huhitaji chaja ya kasi wala mbwembwe. Unachomeka, unalala, unaamka, umepata Upanga na kurudi.

Kinachohitajika ni paneli za kudumu, na mahali pake ni juu ya gari, kwenye banda. Paneli ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13. Panga 6, safu mbili za tatu tatu, zinafunika mita 4.6 kwa 3.4. Leaf yako ina urefu wa mita 4.45 na upana usiofika mita 1.8. Yaani paneli 6 ndizo paa la banda lenyewe. Ule ugomvi wa jua na kivuli unaisha: paneli ziko juani, gari liko kivulini, na hewa inapita chini ya paneli kuzipoza.

Paneli hizo 6 ni wati 3,300 za lebo. Siku ya kawaida tegemea uniti 12 hadi 13, siku za mvua za masika nusu ya hapo au chini yake. Gari linachukua 8, zinazobaki zinaendesha friji na feni inayokulaza mchana. Paa liinamie kaskazini kidogo tu, nyuzi 10 zinatosha. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linakaa upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na mwinamo huo unaiacha mvua ioshe vumbi. Mabomba ya nguzo yawe mazito na yachimbiwe vizuri. Paneli moja ina kilo kama 28, na upepo wa kusi ukiingia chini ya banda jepesi unalinyanyua.

Inveta iwe ile ya haibridi ya kilowati 5, inayochanganya sola, betri na TANESCO bila wewe kushika swichi. Wingu likipita, TANESCO inajazia. TANESCO ikikatika, betri inashika. Betri ya uniti 5, ile ya lithiamu ya volti 51 na ampia 100, inatosha, kwa sababu haihifadhi umeme wa gari, inalainisha mawingu tu na kuwasha taa usiku. Bila betri kabisa, TANESCO ikiwa imekatika, kila wingu litazima chaji na kuiwasha upya, mle ndani ya gari unasikia swichi kubwa zinapiga ka, ka, ka kutwa nzima. Sipendi mlio huo kwenye gari la mtu.

Kama pesa ya vyote haipo kwa mkupuo, anza na upande wa soketi, maana huo unahitajika hata ukichaji kwa TANESCO peke yake. Hapa naomba unisikilize zaidi kuliko kwenye sola. Mwaka jana niliitwa nyumba moja, harufu ya plastiki iliyoungua inakupokea getini. Mwenye gari alikuwa anachaji kwa ekstensheni iliyopitishwa dirishani, mita zilizobaki amezikunja mduara safi chini ya zulia. Ampia 13, saa tano mfululizo. Ule mduara ulikuwa umeyeyuka ukashikana kama kaukau zilizomwagikiwa maji, na pini moja ya plagi imegeuka rangi ya bluu. Pasi inakula umeme mwingi hivyo kwa dakika chache na kupumzika; gari halipumziki. Soketi yako ya chumbani, hasa zile za bei ya chee, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo waya wa peke yake kutoka kwenye mein swichi hadi bandani, milimita 4 za mraba au 6 kama ni mbali, na breka yake ya ampia 20. Weka na ile swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30, na fimbo ya ethi iliyozama ardhini kweli kweli, siyo kipande kilichochomekwa mbele ya mkaguzi. Fundi awe na leseni ya EWURA. Muulize, aitoe. Fundi mwenye nayo haoni haya kuionyesha.

Ukianza kuchaji nyumbani, kumbuka na jambo la LUKU. Kama sasa hivi uko kwenye kundi la D1, la wanaotumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi na kulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, gari litakutoa huko. Uniti 170 za gari peke yake haziwezi kubaki ndani ya 75. Hesabu zangu hapo juu nimezifanya kwa bei ya kundi la juu, ila matumizi ya nyumba nayo yatapanda bei pamoja na gari, usije ukashtuka.

Kwa mama Bagamoyo sasa. Vijistari 9 maana yake betri imebakiwa na kati ya asilimia 66 na 72 ya uwezo wake wa ujanani. Ikijaa, tegemea kilomita 80, na uzitegemee kwa mwendo wa 70, si kwa kukimbizana na Coaster. Kutoka Kinyerezi hadi Bagamoyo ni karibu kilomita 70, kutegemea umepita wapi. Unafika, lakini unafika na akiba ya mfukoni tu. Paneli za kukunja zingekusaidia nini huko? Jumamosi na Jumapili kutwa, kilomita 20 ukibahatika, wakati wewe unahitaji 70 za kurudi.

Soketi ya mama ndiyo jibu. Ampia 6, chomeka saa mbili usiku, chomoa saa kumi na mbili asubuhi: uniti 13.8 zimetoka ukutani, kilomita 62 zimeingia garini. Iache hadi baada ya chakula cha mchana na itakuwa imejaa. Kabla ya kulala shika ile plagi kwa mkono baada ya nusu saa. Ikiwa vuguvugu endelea, ikiunguza chomoa. Na mama mnunulie uniti 20 kabla hujachomeka, kwa sababu yeye huenda yuko kwenye zile 75 za mwezi, na hakuna mama atakayemwambia mwanawe kwamba LUKU imeisha kwa ajili ya gari lake. Ukienda wikendi nne kwa mwezi, umemmalizia kundi lake la bei nafuu. Nenda mbili.

Sisemi paneli za kukunja ni takataka. Kijana mwenye pikipiki ya umeme anaweza kuishi nazo, chaja yake haina masharti ya ampia 6, inakula wati mia chache na betri yake ni ndogo. Wewe mwenyewe paneli moja na boksi dogo vitakuwashia feni, taa na kuchaji simu umeme ukikatika usiku. Kama kaka ameshanunua paneli, azilete, ila kabla ya kulipa azikunjue na kuzipima kwa futi: mita moja ya mraba ya paneli nzuri ya kukunja ni wati 220 hivi. Paneli iliyoandikwa wati 200 ambayo ikikunjuliwa inaenea kama nusu ya meza ya chakula, hiyo ni wati 100 na maneno matupu. Hata Kariakoo nakwenda na futi kabla ya mita ya umeme.

Badala ya pawa stesheni, mwambie akuletee kebo ya kuchajia. Iwe na kichwa cha duara cha matundu matano, Taipu 1, kile kinachoingia kwenye mlango mdogo wa pua ya Leaf yako. Si Taipu 2 ya magari ya Ulaya wala kile cha Wachina, ambacho wauzaji wa Guangzhou watampa wa kwanza asipokuwa makini. Iwe na kitufe cha kuchagua ampia, na ahakikishe 6 ipo, kwa sababu nyingine zinaanzia 8 au 10. Volti 230, plagi ya pini tatu za mraba kama zetu, urefu mita 5 au zaidi. Haina betri ndani, haizidi kilo tatu nne, inaingia kwenye begi katikati ya nguo na hakuna atakayemsimamisha. Ikifika, piga picha lebo ya nyuma ya kiboksi chake unitumie kabla hujaichomeka popote.